Ngazi ni ya nyumba, si ya fundi

Mtu akisikia fundi kaanguka, swali lake la kwanza huwa ni ghorofa ya ngapi. Ukimjibu kwamba alikuwa anabadilisha taa ya jikoni, huruma inapungua palepale, na wengine wanacheka kabisa. Mimi nilichekwa hivyo wodini na jirani yangu wa kitanda, mzee aliyedondoka kwenye mnazi kule Mkuranga. Kwa hesabu zake, yeye alikuwa na haki ya kulala pale kuliko mimi. Mahogo, yaani plasta tulizofungwa miguuni, yalikuwa yanafanana.

Kazi yangu tangu ujanani ni matengenezo ya majumba hapa Dar es Salaam: bomba, masinki, gata, mabati yanayovuja, taa, simtanki. Siku hizi nasimamia nyumba za kupangisha upande wa Sinza na Mikocheni, nachechemea kidogo baridi ikiingia, na ukiniuliza kazi yangu kubwa ni ipi nitakwambia ni kupunguza safari za watu kwenda juu.

Wanaojenga ghorofa mpya wana tabu zao, lakini angalau wanaonekana. Kuna jukwaa, kuna fomani, kuna kofia ngumu hata kama zimevaliwa kwa ajili ya mgeni, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wakipita wanajua pa kuingilia. Fundi wa matengenezo anaitwa kwa simu. "Fundi, njoo mara moja tu, kuna taa inazingua." Hiyo mara moja tu ndiyo iliyotujaza wodini. Kazi ya dakika kumi haina maandalizi. Hakuna anayefikiria kumtafutia mtu wa dakika kumi pa kusimama.

Na kuna jambo ambalo wenye nyumba wengi hawajawahi kulipigia hesabu: fundi hufika kwa bodaboda. Begani ana begi, ndani ya begi mna spana, bisibisi, tepu ya bomba, na drili kama mambo yamemnyookea. Ngazi hawezi kuja nayo. Kondakta wa daladala hampandishi mtu na ngazi, na kukodi kirikuu kwa kazi ya kubadilisha koki ya elfu kumi na tano ni kujifilisi mwenyewe. Kwa hiyo akifika anapanda alichokikuta. Kiti cha plastiki. Meza ya kulia. Kreti za soda zilizopandanishwa. Nimewahi kumwona mwenzangu kasimama juu ya ndoo iliyo juu ya stuli, mwenye nyumba kamshikia ndoo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anaongea na simu, tena anaongea na fundi mwingine wa kuja kupaka rangi.

Nyumba yenye ngazi, mara nyingi ni ile iliyoachwa na waliojenga: mirunda miwili na vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwa mbele. Itazame kwa karibu ngazi ya namna hiyo. Kidato hakikukaa kwenye mchongo wowote, kinaning'inia kwenye msumari mmoja au miwili kila upande. Huku kwetu karibu na bahari chumvi haina huruma na chuma; kichwa cha msumari utakikuta kizima, na shingo yake iliyozama ndani ya mti imebaki kama uzi. Mbao nayo huanza kupasuka palepale msumari ulipoingia. Ukiivuta kwa mkono inaonekana imara, kwa sababu mkono wako hauna kilo 80. Mwalimu wangu wa kazi, Mungu amrehemu, alikuwa anailaza chini na kukanyaga kidato kimoja kimoja kwa kisigino kabla hajaiegemeza popote. Tulimwona mzee mwoga. Alistaafu na viungo vyake vyote.

Iliyoniangusha mimi ilikuwa ya kisasa, ya alumini, ile ya kufunguka na kusimama yenyewe. Kile kipande cha katikati kinachozuia miguu isitanuke kilikuwa kimekatika siku nyingi, na mtu alikuwa amekifidia kwa kamba ya manila. Alifunga vizuri, fundo la kivuvi kabisa. Tatizo ni kamba yenyewe: manila ya plastiki huteleza na kuachia ikibeba uzito kwa kuvutwavutwa. Chini kulikuwa na tailizi, dada wa kazi ametoka kupiga deki. Miguu ya ngazi ikatanuka, nami nikashuka wima, kisigino cha kulia kikatangulia. Nilikuwa juu ya sakafu kama mita moja na nusu hivi, pungufu ya urefu wangu.

Walichofanya watu wa nyumba ile walikifanya kwa upendo. Mmoja kwapani, mmoja miguuni, wakaninyanyua na kunikunja ndani ya bajaji mpaka hospitali. Hospitalini wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, shemeji yangu akakimbia kituo cha polisi kuifuata. Kijana daktari aliyenipokea alikitazama kisigino kilivyovimba, kisha akaniacha mdomo wazi kwa kuniuliza habari za mgongo. Nikamwambia mgongo hauna neno. Akasema, "Mzee wangu, aliyetua kwa visigino lazima nimtazame na mgongo." Akaniandikia picha za vyote viwili. Baadaye akanieleza kwamba ile nguvu ya kutua haiishii kisiginoni. Inapanda mfupa kwa mfupa mpaka kwenye uti wa mgongo, na pingili za pale mbavu zinapoishia na kiuno kinapoanzia ndizo hupondeka. Mtu anaweza kuwa amevunjika pingili na bado anatembeza vidole vya miguu, halafu wasamaria wema wakamkunja kwenye bajaji na vidole vikanyamaza huko njiani.

Pingili zangu zilikuwa salama. Lakini tangu siku hiyo kila mlinzi ninayefanya naye kazi namfundisha jambo hili kabla sijamfundisha jingine: aliyeanguka hanyanyuliwi. Mwache alale alivyolala, mtu mmoja apige magoti amshike kichwa kisigeuke, mwulize kama anasikia miguu. Damu ikitoka, igandamize kwa kitambaa. Hata akisema yuko sawa na anataka kuamka, mkatalie kwanza. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ikibidi kabisa kumhamisha, tafuta ubao au mlango ulionyooka, watu wanne au zaidi, wote kwa hesabu moja, mwili wote uende kama gogo. Mlango wa stoo pale Sinza nimeufunga kwa bawaba za pini ndefu ili ung'oke bila bisibisi. Wapangaji wanadhani ni ubahili.

Kisigino ni mfupa wa kero. Hukanyagi kwa wiki nyingi, na ukianza kukanyaga unajifunza upya kama mtoto. Mjomba alileta habari za mtaalamu wa kuunga mifupa, kwamba hogo litolewe, nifungwe vijiti na dawa. Siwadharau wazee hawa, wapo wanaojua mipaka yao. Ila wodini nilimwona kijana aliyefungwa vijiti kwa kukazwa kupita kiasi, damu isipite, na mkono uliovunjika sehemu moja tu ukaishia kukatwa. Nikamwambia mjomba ahsante, mke wangu akampakulia chakula, mambo yakaisha.

Nikiwa nimelala nyumbani binti yangu, wakati huo kidato cha tatu, alinipigia hesabu za fizikia nyuma ya daftari. Ukianguka kutoka mita 2, unatua ukiwa na kasi inayopita kilomita 22 kwa saa. Kutoka mita 3, kama kilomita 28. Na safari nzima haifiki hata sekunde 1. Akaniambia, "Baba, huna hata muda wa kusema mama." Kuna imani miongoni mwetu mafundi kwamba mtu mwepesi hujigeuza hewani kama paka na kutua vizuri. Hesabu ya binti yangu ilinimalizia imani hiyo.

Sasa fedha. Aliyeniita kubadilisha taa hakuwa mwajiri wangu. Alikuja kunitazama, akaleta matunda na bahasha, na hakuwa na wajibu wa kufanya hata hivyo. Kwa miezi ile tulikula vitumbua vya mke wangu, kwa maana ya kuvila na kwa maana ya kuviuza. Wenzangu walioajiriwa kwa barua wako mahali tofauti. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao mwaka uliofuata. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukiumia kazini, mfuko unabeba matibabu, na ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu una hesabu yake, na kifo kina hesabu yake kwa wategemezi.

Mafundi wengi hawajui kama upo. Na wenye nyumba wengi wanajiona wao si waajiri. Wanasema "nina vijana wangu tu wa kunisaidia". Kijana anayekuja kila siku, anapangiwa kazi na wewe na kulipwa na wewe kila mwisho wa mwezi, huyo ni mfanyakazi wako, uandike usiandike. Shida ni siku akianguka: bila barua, bila hata ujumbe wa simu unaoonyesha nani alimtuma, anahangaika kuthibitisha kwamba alikuwa kazini na si kwamba alipanda kuangua maembe. Kwa hiyo vijana wangu nimewazoesha hivi: ukipigiwa simu ya kazi, omba kwa adabu utumiwe na meseji. "Bosi, niandikie tu nisije nikasahau." Hakuna bosi anayekasirika kwa hilo.

Lipo tukio moja ninalolisimulia kwa kila kijana mgeni, na silisimulii kwa kupenda. Tulikuwa tunaziba mabati ya godauni moja maeneo ya Chang'ombe. Godauni la zamani, paa la bati, na kila baada ya nafasi fulani kuna shiti moja ya plastiki ya kupitishia mwanga. Jua la miaka mingi huikausha plastiki ile, ikabaki kama ganda la yai. Vumbi la barabarani na ukoga vilikuwa vimezipaka rangi moja na bati lenye kutu. Ukiwa juu huzioni. Dogo aliyekuwa anatubebea lami alikatisha paa kunifuata, hatua ya tatu au ya nne akatoweka. Hakupiga ukelele. Ilisikika plastiki, kisha ikasikika sakafu. Hatukuwahi kufika naye hospitali.

Ukiwa ndani ya godauni lile na kutazama juu, shiti zote za plastiki zinang'aa, unaweza kuzihesabu. Hapo ndipo nilipopatia utaratibu ninaoufuata mpaka leo: kabla ya kupanda paa lolote, ingia kwanza ndani, tazama juu, chora kwenye karatasi mahali penye mwanga. Ukishapanda, fuata mstari wa misumari, maana chini ya misumari ndipo zilipo papi na kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Katikati ya mistari hiyo hapakanyagiki. Mahali pa kupita mara kwa mara laza ubao mrefu unaovuka papi mbili au tatu. Na yale mapaa ya asbesto yaliyobaki kwenye majengo ya zamani, usiyapande kabisa, hata uwe mwepesi namna gani: yanakatika bila kulia, na yakivunjika vumbi lake lina madhara yake mengine mapafuni.

Lakini kama ningeulizwa ni kifaa gani katika nyumba za Dar es Salaam kinachowapandisha watu bila sababu, nisingetaja paa. Ningetaja simtanki. Liko juu ya mnara wa zege au wa vyuma, mita 3, 4, wakati mwingine juu ya paa la ghorofa ya tatu, na kila mtu anataka kujua lina maji kiasi gani. Mlinzi anapanda asubuhi kutazama. Fundi anapanda kwa sababu boya, lile la kufunga maji tanki likijaa, limekufa na maji yanamwagika. Hapo ndipo penye mtego: maji yaleyale yaliyokuwa yanamwagika wiki nzima yameotesha ukoga wa kijani kwenye jukwaa la tanki na kwenye vidato vya juu. Yaani hitilafu iliyokuita ndiyo imekwisha kukupaka mafuta pa kusimama. Ndala na yeboyebo pale hazifai hata kidogo.

Halafu mfuniko. Mfuniko wa tanki ukikaa juani unakamata nyuzi zake. Fundi anaushika kwa mikono miwili, anajinyonga nao, anavuta kwa nguvu zote, na ukiachia unaachia ghafla. Nguvu yote aliyokuwa akiivuta kuja kwake inamsukuma kinyumenyume, na nyuma yake hakuna kitu. Najua watu wawili walioanguka hivyo, majumba tofauti, wote mafundi wazuri. Na kama ni msimu wa kunguru kuwa na makinda, ongeza na kunguru. Kunguru wa jiji hili akidhani unamfuata mwanawe atakupiga kisogoni wakati mikono yako iko kwenye mfuniko. Wanaocheka hawajawahi kupigwa.

Pale ninaposimamia sikuanza na mikanda wala helmeti, ingawa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo bure. Nilianza na mpira mweupe. Unatoboa tanki chini kabisa ubavuni, unafunga kipande cha bomba, unapandisha mpira mwembamba unaoonyesha mpaka usawa wa mfuniko. Maji ndani ya mpira hukaa usawa uleule wa maji ndani ya tanki, na mlinzi anauona akiwa amekaa kwenye benchi lake. Gharama ni ya mpira na kazi ya nusu siku. Kisha nikashusha koki zote zikawa usawa wa kifua, chini ya mnara. Bomba la kumwagikia nikalirefusha likashuka mpaka mbele ya kibanda cha mlinzi, ili boya likifa maji yamlowanishe yeye na si jukwaa. Aligomba sana wiki ya kwanza. Siku hizi boya likifa napigiwa simu saa hiyohiyo, na kwenye jukwaa pamekauka.

Taa za ngazini na za uzio nilizishusha zikawa za ukutani, mtu anabadilisha akiwa amesimama chini. Sebuleni kwa watu siwezi kuingilia urembo wao.

Ngazi ndiyo iliyonipa vita. Niliwaambia wapangaji na mwenye nyumba kwamba jengo linunue yake, ndefu ya kutosha, yenye raba nzima miguuni, ikae kwa mlinzi kwa mnyororo. Mama mmoja wa ghorofa ya pili akauliza, "Kwani fundi anakuja kufanya kazi bila vifaa vyake? Kinyozi akija kwangu nimnunulie mkasi?" Watu wakapiga makofi. Nikamwambia, dada yangu, kinyozi mkasi unaingia mfukoni. Mwishoni ikanunuliwa, na bei yake haikufika kodi ya mwezi mmoja ya nyumba moja mle. Mwezi haujaisha ikaazimwa kufungia turubai la msiba mtaa wa pili, ikarudi mguu mmoja umepinda. Huwezi kumnyima mfiwa ngazi. Ila uliopinda haurudi kazini. Nilikata ngazi ile vipande kwa msumeno ili mtu asije akainyoosha kwa nyundo, na ndipo nikachukiwa kabisa. Ya pili ina daftari la kuazima, na ya misiba ni nyingine.

Kuiegemeza nako kuna kipimo ambacho mafundi wengi wanakikisia kwa jicho. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Ikisimama sana unaanguka nayo mgongoni. Ikilala sana inateleza chini. Kama unapandia paa, ncha yake ivuke ukingo kwa mita 1 hivi, upate pa kushika unapotoka kwenye ngazi na unaporudi, maana wengi huanguka hapo kwenye kuvuka. Ya alumini isikae karibu na nyaya za umeme za TANESCO. Kazi za paa ni asubuhi, umande ukishakauka na bati halijapata moto.

Na mshika ngazi analipwa. Hili bado linapingwa kila kikao. "Unamlipa mtu kusimama?" Ndiyo, namlipa kusimama. Kazi ikiwa elfu ishirini, naandika elfu ishirini na tano, na ile tano ni ya anayeshika. Mweka hazina wetu, mtu mwema ambaye ofisini kwake hakuna kinachozidi urefu wa kabati la mafaili, huwa anaizungushia kalamu nyekundu kila mwezi, nami naiandika tena mwezi unaofuata.

Kilichobaki ni paa la upande wa nyuma, lile lenye mwinuko mkali. Mkanda wa usalama tunao, wa mwili mzima, maana ule wa kiunoni peke yake ukikudaka unakuumiza tumbo. Hakuna pa kuufunga. Gata haibebi mtu, bomba la maji taka halibebi mtu, na kamba iliyo ndefu kuliko umbali wa kufika chini ni mapambo. Nimeomba tutoboe tupachike ndoana mbili za chuma kwenye boriti ya zege ya juu. Mwenye nyumba anaogopa paa litavuja. Tumebishana tangu vuli iliyopita, na mpaka atakapokubali, majani ya mwarobaini yatajaa kwenye gata ya upande ule, maana pale simpandishi mtu.